Kibimba kutoa Burundi ni sawa na ngapi?

Wandugu, mniwie radhi kwa kimya cha wiki kadhaa. Leo nimerudi na habari ndefu, kwa hiyo mwenye chai karibu amimine. Inahusu kosa langu mwenyewe, inahusu kata moja ya wilaya ya Ngara iitwayo Kibimba, na inahusu vile vialama vya kutafutia habari mtandaoni ambavyo kila mtu amewahi kusikia kwamba vipo ila wachache wanavitumia. Mimi nilikuwa miongoni mwa wasiovitumia. Ni aibu kidogo kwa mwandishi wa habari, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa Aprili 2024. Miaka 30 ilikuwa inatimia tangu zile siku mbili, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ambapo ndani ya takriban saa 24 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema halijapata kuona watu wengi namna ile wakihama kwa kasi namna ile. Niliombwa niandike makala fupi ya kumbukumbu. Nikasema sitaki kuandika Benaco tu, maana kila mwandishi akisikia Ngara anakimbilia kambi ya Benaco. Nitachagua kata nyingine, niulize wenyeji walikuwa wakiishi vipi kabla na baada ya wageni wale. Nikachagua Kibimba, kwa sababu tu nilisoma na jamaa mmoja ambaye kwao ni huko na alikuwa hachoki kuitaja.

Nikakaa kwenye kompyuta, nikaandika neno moja: Kibimba. Nikabonyeza. Kati ya picha za mwanzo ulikuwamo mnara wa kumbukumbu kando ya barabara. Nikasema naam, huu hapa, mnara wa wakimbizi. Nikauchukua, chini yake nikaandika "Kibimba, Ngara", nikatuma. Mnara wenyewe una maneno ya Kifaransa. Kifaransa, Ngara! Hata hilo halikunishtua.

Kesho yake saa mbili asubuhi simu ikaita. Sauti ya mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye umeandika ya Kibimba?"

Nikajibu kwa furaha kwamba ndiye. Nilidhani napongezwa.

"Mjukuu wangu, ule mnara si wa kwetu. Uko Burundi. Wale watoto wana wazazi wao kule. Usiwahamishe."

Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Picha ilitolewa kabla ya saa sita mchana na masahihisho yakawekwa, lakini neno lile la "usiwahamishe" lilinikaa kichwani mwezi mzima.

Kwa msomaji asiyejua: Oktoba 21, 1993, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, rais wa kwanza kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi nchini humo, aliuawa na wanajeshi waasi. Siku ileile, mahali paitwapo Kibimba, upande wa Gitega, wanafunzi wa Kitutsi wa shule ya sekondari ya pale walikusanywa kwenye kituo cha mafuta wakachomwa moto. Mkuu wa shule yao alishtakiwa na kuhukumiwa kifo, akanyongwa mwaka 1997. Mnara ni wao. Mimi niliuhamisha kilomita nyingi mashariki kwa kubonyeza mara moja.

Basi nikaanza kujiuliza kosa lilianzia wapi. Jibu rahisi ni uvivu, na hilo nimelikubali. Lakini kuna la zaidi. Nilikuwa nadhani ule mtambo unajua Kibimba ni nini. Haujui. Unachofanya kwa msingi ni kilekile kinachofanywa na faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu cha shule: neno upande wa kushoto, kurasa lilimotokea upande wa kulia. Ukiuliza Kibimba, unaletewa kurasa zenye herufi hizo saba, zikipangwa kwa jinsi zilivyosomwa na kutajwa na wengine. Mahali palipolia sana ndipo panatangulia. Pengine mitambo ya sasa imejifunza kubahatisha unataka nini, lakini haimjui yule mzee.

Na Kibimba ziko nyingi. Iko ya Ngara. Iko ya Burundi, ambayo kabla ya 1993 ilijulikana kwa jambo jingine kabisa: ni misheni ya Waquaker kutoka Kansas, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1934 na Arthur Chilson na mkewe. Huyo Chilson ni mmoja wa wale watatu walioanzisha misheni ya Kaimosi nchini Kenya mwaka 1902, kwa hiyo msomaji wa Magharibi mwa Kenya unaweza kumdai undugu. Halafu iko Kibimba ya Uganda, kwenye wilaya ya Bugiri, shamba kubwa la mpunga lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970 na baadaye likauzwa kwa kampuni ya Tilda. Wachina, Waquaker, na wanafunzi waliochomwa. Kibimba ya Ngara, ambayo haikupata bahati wala balaa la kuandikwa na wageni, iko chini kabisa ya rundo.

Rafiki yangu mmoja mkutubi alinicheka nilipomweleza. Akaniambia, wewe umeuliza swali la neno moja halafu unalaumu jibu? Akanishika mkono kama mtoto wa chekechea, tukaandika:

Kibimba Ngara -Burundi -Uganda

Ile alama ya kutoa ishikane na neno, pasiwe na nafasi katikati. Maana yake: nipe kurasa zenye Kibimba na Ngara, ila ukurasa wowote wenye neno Burundi au Uganda usinionyeshe. Tukabonyeza. Mpunga ukapotea. Mnara ukapotea. Nilijiona mganga.

Sasa kidogo historia ya alama yenyewe, maana ni ya zamani kuliko kompyuta. George Boole alikuwa mtoto wa fundi viatu wa Lincoln, Uingereza. Hakusoma chuo kikuu, alijifundisha mwenyewe hesabu na lugha, akaishia kuwa profesa huko Cork, Ireland. Mwaka 1854 alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu kanuni za kufikiri, na ndani yake alionyesha kwamba NA, AU na SI yanaweza kukokotolewa kama hesabu. Mfano wake ni wa kondoo weupe: chukua kundi la vitu vyote vyeupe, chukua kundi la kondoo wote, pale yanapokutana ndipo palipo na kondoo weupe. Kwa Ngara tungesema ng'ombe wenye pembe ndefu. Boole alifariki mwaka 1864 kwa nimonia, baada ya kutembea kwenye mvua kwenda kufundisha na kufundisha akiwa na nguo zilizolowa. Hakuwahi kuona kompyuta, lakini kila unapoandika neno lenye alama ya kutoa mbele yake unamtumikisha.

Miaka mia moja na ushei baadaye ndipo kazi yake ikaingia kwenye utafutaji wa nyaraka. Huduma ya Dialog ya Marekani ilianza kuuzwa mwaka 1972, na wateja walilipa kwa muda waliokuwa wameunganishwa. Kwa hiyo mkutubi alikuwa anapanga swali lake kwenye karatasi kwanza, anaweka mabano, anafuta, anarekebisha, ndipo anapiga simu ya kuunganisha. Sisi tunaonunua bando la saa moja tunamwelewa vizuri kabisa mtu huyo.

Desemba 1995 ikaja AltaVista, ya kampuni ya Digital Equipment. Wakubwa zetu walioanza mtandao enzi hizo bado wanaitaja kwa huruma, kama vile mtu anavyotaja bendi iliyovunjika. AltaVista ilikuwa na AND, OR, na hata NEAR, yaani niletee kurasa ambazo maneno haya mawili yamekaa karibu karibu, ndani ya maneno kumi. Ilifungwa na Yahoo Julai 2013. Google nayo, iliyoanza 1998, ilikuwa na alama ya kujumlisha: ukiiweka mbele ya neno, lazima neno hilo liwemo. Mwaka 2011 waliiondoa, mwaka huohuo walioanzisha mtandao wao wa kijamii ulioitwa Google+. Watu wakaambiwa watumie alama za kunukuu badala yake. Ule mtandao wa kijamii ukafungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019, na alama yetu haikurudishwa! Mwaka 2024 wakaondoa na ile njia ya kuona nakala ya zamani ya ukurasa uliofutwa. Kwa hiyo haya ninayokuonyesha leo ni mali inayopungua. Tumia ikingali ipo.

Turudi Ngara. Nikiwa nimeshanogewa, nikaanza kusafisha maneno yote. Jaribu nawe, ni mchezo mzuri wa jioni. Ukiandika Ngara peke yake, unaangukia Nairobi, maana kuna Ngara ya pale yenye masoko ya nguo na kelele za matatu. Basi: Ngara -Nairobi. Ukiandika Kagera unaletewa mpira, Kagera Sugar kafungwa, Kagera Sugar kashinda. Basi: Kagera -Sugar. Na Benaco ndiyo kichekesho. Benaco ni jina la kale la ziwa Garda huko Italia, na ukiliandika hivihivi unaonyeshwa hoteli za ufukweni na mashua. Ngara lilifikaje? Liliachwa na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na makazi yake pale. Kwa hiyo jina la ziwa la kitalii likawa jina la kambi iliyojaa watu kuliko miji yetu mingi. Ukitaka kambi, andika Benaco Ngara 1994.

Halafu nikagonga ukuta ambao hakuna kitabu cha Kiingereza kilichonitahadharisha. Kitabu kinasema: kama neno lina miisho mingi, andika shina lake halafu weka nyota mwishoni, mtambo utaleta miisho yote. AltaVista ilifanya hivyo, na maktaba nyingi za kidijitali bado zinafanya. Kwa Kiingereza ni sawa, maneno yao yanabadilika mkiani. Yetu yanabadilika kichwani! Mkimbizi, wakimbizi, ukimbizi. Alikimbia, walikimbia, tulikimbia, wamekimbia, waliokimbia. Ukiweka nyota mwishoni mwa wakimbi unampata nani? Chombo kilitengenezwa na watu ambao lugha yao ina mkia, sisi tuna pembe. Dawa yake ni kuandika mwenyewe zote unazozihitaji na kuweka OR katikati, kwa herufi kubwa:

(mkimbizi OR wakimbizi OR ukimbizi) Ngara 1994

Ni kazi kidogo, lakini nilipofanya hivyo yakatoka masimulizi ya Kiswahili ambayo siku zote yalikuwa yamefunikwa na ripoti za Kiingereza.

Sasa historia ya zamani zaidi. Nilitaka kujua eneo hili liliandikwa lini mara ya kwanza na mgeni wa Ulaya. Nikaandika Ngara, nikaandika Biharamulo, nikaweka miaka ya 1800. Patupu. Nikahitimisha, kama wengi wanavyohitimisha, kwamba hakuna kilichoandikwa. Kumbe kosa lilikuwa la jina. John Hanning Speke alipita huku na mwenzake Grant mwishoni mwa mwaka 1861, miaka saba tu baada ya kitabu cha Boole, wakielekea Karagwe kwa Rumanika. Nchi waliyopita aliiandika Usui, na mtawala wake Suwarora. Speke analalamika kurasa na kurasa kuhusu hongo, yaani ushuru wa njia, vitambaa na shanga, na jinsi alivyocheleweshwa. Ukisoma kwa jicho la mwenyeji, unaona mtawala anayejua thamani ya barabara yake. Usui ndiyo ile Busubi, au Rusubi, ya kina Washubi na Wasubi wa Ngara na Biharamulo. Wajerumani wakaja wakaandika Ussuwi.

Basi nikaandika Usui kwa furaha. Nikaletewa nini? Mikao Usui, Mjapani aliyeanzisha uganga wa Reiki, wa kuponya watu kwa kuwekea mikono. Kurasa na kurasa za Reiki. Kucheka nilicheka, kisha nikaandika:

Usui (Suwarora OR Speke) -Reiki

Ndipo mlango ukafunguka. Na kwa kuwa kitabu cha Speke kimeshapita muda wa hakimiliki na kimewekwa bure kwenye Project Gutenberg, unaweza kukifunga kitabu kizima ndani ya swali: Suwarora site:gutenberg.org. Ile site: inauambia mtambo usitoke nje ya uzio wa tovuti hiyo.

Biharamulo nayo ina mtego wake. Wabelgiji waliiteka kutoka kwa Wajerumani Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, na waliishikilia mpaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Miaka mitano hiyo imeandikwa kwa Kifaransa, na mara nyingi imeandikwa Biaramulo, bila h. Kwa hiyo ukitafuta Biharamulo tu, vita vinakupita kando. Andika Biharamulo OR Biaramulo. Herufi moja imebeba miaka mitano! Sijui kama kuna mtu shuleni aliwahi kuniambia kwamba Biharamulo ilitawaliwa na Wabelgiji. Kama aliniambia, siku hiyo nilikuwa nimelala.

Tahadhari moja hapa kwa wapenda historia. Google waliongeza mwaka 2019 amri za before: na after:, na mtu anaweza kudhani akiandika before:1920 ataletewa nyaraka za kabla ya 1920. Hapana. Amri hiyo inaangalia ukurasa uliwekwa mtandaoni lini, haina habari na tukio lilitokea lini. Mwaka wa tukio uandike kama neno la kawaida. Amri ile niliitumia kwa jambo moja la maana: kujua watu waliandika nini kuhusu Ngara kabla ya Aprili 2024, kabla sisi waandishi wa maadhimisho hatujajaza mtandao kwa makala zinazonakiliana, yangu ikiwemo.

Nikampigia mzee. Nilikuwa nimeshaomba radhi mara mbili, hii ilikuwa ya kumwonyesha kwamba nimejirekebisha. Nikamweleza habari ya alama ya kutoa, jinsi nilivyoondoa Uganda na Burundi mpaka Kibimba yake ikabaki peke yake, safi.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Umeitoa Burundi?"

"Ndiyo mzee."

"Sasa utaandikaje Ngara?"

Akaanza kuhesabu taratibu. Kihangaza chetu ukimweka Mrundi hapa, mnasikilizana. Majina ya vilima yanafanana, ndiyo maana Kibimba iko huku na iko kule. Na mwishoni mwa 1993, baada ya Ndadaye kuuawa, watu walivuka mpaka wakaja, wengine wakilala kwenye nyumba za wenyeji kabla mashirika hayajafika. "Wale wa mnara wako," akasema, "jamaa zao tuliwapikia."

Nilihisi joto usoni. Maana yake ni kwamba ukurasa wowote unaoeleza jinsi Kibimba ya Ngara ilivyopokea watu wa 1993 lazima una neno Burundi ndani yake. Na mimi nilikuwa nimeuamuru mtambo uufiche kila ukurasa wenye neno hilo. Kosa la kwanza nilihamisha mnara wa Burundi nikauleta Ngara. La pili nikaifuta Burundi yote isionekane Ngara. Sijui lipi kubwa.

Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba alama ile iliwahi kupigwa kabla yangu, kwa kalamu. Mei 1919 Lord Milner kwa niaba ya Uingereza na Pierre Orts kwa niaba ya Ubelgiji walikubaliana jinsi ya kugawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Ruanda na Urundi kwa Wabelgiji, Tanganyika kwa Waingereza. Waingereza walitaka pia kipande cha mashariki mwa Rwanda, Gisaka, kwa ndoto yao ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo. Kelele zikapigwa, Gisaka ikarudishwa Rwanda miaka michache baadaye. Bugufi, ambayo ni sehemu ya Ngara ya leo na kwao Wahangaza, ilibaki Tanganyika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mwami Mwambutsa wa Burundi alilipeleka suala la Bugufi mbele ya Umoja wa Mataifa akiomba arudishiwe. Hakurudishiwa. Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961, Burundi Julai 1962, na mstari ukabaki pale ulipo.

Simaanishi Bugufi irudishwe popote, msije mkanitafutia kesi. Ninachosema ni kwamba habari ya dai hilo niliipata siku nilipoacha kutoa na kuanza kufunga. Niliandika:

Bugufi Mwambutsa site:un.org filetype:pdf

Hiyo filetype:pdf inataka mafaili ya aina hiyo tu, na nyaraka za zamani zilizopigwa picha mara nyingi ziko hivyo. Ikaniingiza kwenye nyaraka za Baraza la Udhamini, lililosimamia Tanganyika na Ruanda-Urundi pamoja na nchi nyingine za udhamini. Malalamiko ya wananchi yalipewa namba: yale ya Tanganyika yanaanza na T/PET.2 na yale ya Ruanda-Urundi yanaanza na T/PET.3. Ukishajua mfumo huo wa namba, unaweza kuzunguka humo kama mtu mwenye funguo za stoo. Watu wa kawaida waliandika barua humo. Kuhusu ardhi, kuhusu kodi, kuhusu machifu.

Na ile ya Kibimba nimeirekebisha. Sitoi tena nchi nzima. Ninatoa kitu kidogo kabisa kinachonizuia na kuacha vingine vyote:

Kibimba Ngara -Gitega -Bugiri

Gitega inapunguza kurasa nyingi za mnara, Bugiri inapunguza za mpunga, na Burundi inabaki. Kisha ninarudia bila kutoa chochote, maana kuna kurasa zinazotaja Gitega na Ngara kwa pamoja, na hizo ndizo zinazosimulia safari ya watu kutoka kule kuja huku. Mwaka 1995, Machi 31, Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao. Kati ya tarehe hizo na zile za 1993 na 1994 kuna ripoti lukuki za mashirika, chakula tani ngapi, maji lita ngapi, kuni, misitu. Wenyeji wanatajwa kwa neno moja tu, "jamii zinazowapokea".

Nikataka kujua serikali yetu inasemaje. Kibimba Ngara site:go.tz. Ikaniletea majedwali ya sensa na orodha za kata. Kibimba iko pale kwenye mstari wake, wanaume wangapi, wanawake wangapi, halafu kata inayofuata. Nilijaribu pia kuuliza mmoja wa ile mitambo ya kisasa inayojibu kwa aya nzima badala ya kuleta kurasa. Ulinijibu kwa Kiswahili kizuri tu, tena kwa kujiamini, ukauweka mnara kulekule nilikouweka mimi Aprili. Nilimhurumia, kama ndugu.

Jana nimeongea tena na mzee. Nilimwuliza kabla ya kuitwa Kibimba, sehemu za kata zile ziliitwaje. Akanitajia majina manne ya vilima, moja likiwa la kilima ambacho alisema watu waliokuja 1993 walifikia hapo kwanza. Akanitamkia mara tatu ili niandike sawasawa, na mimi nikamtamkia mara moja akacheka. Usiku nikayaandika moja moja ndani ya alama za kunukuu, pamoja na Ngara. Kisha bila Ngara. Kisha kwa r badala ya l, maana wageni walikuwa wakizichanganya, kisha kwa maandishi ya Kijerumani kadiri nilivyoweza kubuni.

Matatu yalileta vitu visivyohusika. La nne, la kile kilima, halikuleta kitu chochote. Nimeshapata nafasi kwenye basi la wiki ijayo. Mzee amesema nije na daftari, na nisisahau sukari ya bibi.